Tryphena Mkawasi, Aliyekataa Kuhesabiwa na Wafu

Wasikilizaji wapendwa, mliopo jikoni, mliopo shambani na nyinyi mliofungulia redio dukani, hamjambo. Sogeeni karibu. Mimi ni Silvanus Mwasaru. Leo nawaletea habari za mwanamke mmoja wa Werugha aliyefariki mwaka jana, Agosti 1987. Mwaka mmoja umetimia. Lakini miaka minane kabla ya kifo hicho, mwanamke huyu alikuwa ameshahesabiwa mfu, akiwa mzima, akiwa kazini, amevaa visikizio masikioni. Alipopata habari hizo alikataa. Alikataa kwa sauti kubwa.

Jina lake ni Tryphena Mkawasi. Narudia, Tryphena Mkawasi, opereta wa simu wa Voi. Kama ulipiga simu kupitia Voi miaka ya sitini au sabini, sauti yake unaijua. "Voi hapa. Sema." Basi. Hakuongeza neno. Waliopenda salamu ndefu walimwona mkali, na kwa kweli alikuwa mkali.

Alizaliwa Werugha, kule milimani juu ya Voi, mwaka wa 1938. Baba yake alilima kabichi na viazi kwenye matuta, akafuga ng'ombe wa maziwa. Watoto walikuwa watatu: Donald, kifungua mimba, kisha Tryphena, kisha Mable. Nilipanda kwenda kumwona huyo Mable wiki iliyopita. Tulikaa jikoni kwake, ukungu umeziba dirisha, chai ya maziwa mezani.

"Dada alikuwa mbishi tangu tumboni," Mable aliniambia. "Mama alisema alizaliwa ametanguliza miguu. Mkunga akamsukuma ageuke, akakataa."

Alisoma shule ya misheni, akaenda Mombasa kujifunza kazi ya simu, na mwaka wa 1961 akapewa kiti chake pale Voi, mbele ya swichibodi, ule ubao wa kuunganishia simu. Hakuolewa, na hakutaka kuulizwa kwa nini. Mable alishuka akaishi naye, akawa anashona nguo.

Sasa, wasikilizaji, tuingie kwenye ugonjwa.

Ilikuwa mwaka wa 1970. Jioni moja wanapika kimanga, muhogo na maharagwe. Tryphena akaipua sufuria motoni kwa mikono mitupu, bila kitambaa. Akasimama nayo, anaongea habari za kazini. Mable akasikia harufu ya nyama inayoungua.

"Tryphena! Mkono!"

"Mkono una nini?"

Mkono ulikuwa unaungua. Ngozi ya kiganja ilikuwa imeshikana na chuma, na mwenye mkono hakuwa na habari. Narudia, hakusikia maumivu yoyote. Mable alilia. Tryphena aliutazama mkono wake kama mtu anayetazama mkono wa mgeni.

Baada ya hapo vidole vikaanza kuacha vitu. Kikombe kilianguka. Kalamu ilianguka. Zile plagi za swichibodi, alizokuwa akizichomeka bila kuangalia, sasa alizipapasa. Kisha miguu ikawa mizito. Akaanguka nje ya kanisa, akaanguka sokoni. Hapo maneno yakaanza. Kuna waliosema anakunywa. Kuna waliosema amerogwa na mtu anayekitaka kiti chake. Kaka yake Donald alishuka kutoka mlimani akamwambia kuna mzee wa kumtazama, aende.

"Kama kuna aliyeniroga kwa ajili ya kiti," Tryphena akamjibu, "mwambie aje achukue zamu ya kesho. Mimi naenda hospitali."

Akaenda. Hospitali ya milimani ikampeleka Mombasa, Mombasa ikampeleka Nairobi, kwenye hospitali moja kubwa. Huko alikutana na daktari kijana, Mkamba, jina lake Musyimi. Daktari Musyimi alimchoma mguu kwa sindano, akamgusa kwa chupa ya maji moto na chupa ya maji baridi, akamwuliza anasikia nini. Kisha wakamdunga dawa mgongoni, wakamfunga kwenye meza inayoinama, kichwa chini miguu juu, ili dawa itiririke, wakampiga eksirei. Dawa ilifika shingoni ikakwama. Kulikuwa na kitu.

Nikisema uti wa mgongo, wasikilizaji, leo sisemi mfupa. Ndani ya mfupa mna kamba laini, nene kama kidole cha mwisho, inayoshuka kutoka ubongoni. Amri ya kutembea inashukia humo. Habari ya maumivu inapandia humo. Ndani ya kamba hiyo, katikati kabisa, Tryphena alikuwa ameota uvimbe.

Ugonjwa huo kwa mtu mzima ni wa nadra. Ni wa nadra sana. Daktari anaweza kufanya kazi miaka mingi asiuone tena. Na hapo ndipo penye taabu, maana jambo usiloliona mara nyingi utalijuaje? Utajuaje kama ni heri kupasua au kuacha? Daktari Musyimi alikuwa ameanza utafiti. Kila mtu mzima aliyeletwa na uvimbe wa nadra wa ubongo au wa uti wa mgongo, kutoka pembe yoyote ya nchi, aliombwa akubali kufuatwa: amepasuliwaje, anatembea au hatembei, ameishi muda gani. Musyimi alimwomba Tryphena. Tryphena akakubali.

Alipasuliwa mwaka wa 1971. Walitoa walichothubutu kutoa. Akaamka hawezi kunyanyua kichwa, lakini vidole vya miguu vinacheza.

Siku chache baadaye, madaktari wakapita wodini na wanafunzi wao. Aliyewaongoza alikuwa mkubwa, na jina lake Tryphena hakulitaja hata kwa ndugu zake. Akasimama kando ya kitanda, Tryphena amelala kifudifudi, akawaambia wanafunzi kwa Kiingereza: huyu mwonekano wake ni mzuri leo, lakini miaka miwili hamalizi. Sasa opereta wa simu ndiye wa kufichwa Kiingereza?

Tryphena akajibu, uso ukiwa kwenye mto, kwa Kiingereza hicho hicho: "Bwana daktari, mimi niko hapa. Niambie mimi."

Yule mkubwa akaenda kitanda cha pili.

Mable anasema dada yake alirudi kliniki Nairobi mara moja tu baada ya hapo. Akamkuta daktari yule yule mlangoni. Akageuka. Hakurudi tena. "Aliniambia, Mable, pale mimi ni gunia la viazi. Wananigeuza, wanasema litaoza lini."

Akapanda Werugha kujifunza kutembea. Kama mnayajua matuta ya Werugha, mnajua hapo hakuna mahali tambarare pa kumfundishia mtu kutembea. Alitambaa. Alishika ua, alishika mgongo wa ng'ombe. Donald alitaka kumjengea kibanda kando ya nyumba, apumzike. Akamwambia, "Kaka, ukiniweka kwenye kibanda nitakichoma." Mkono wa kulia haukurudi vizuri, kwa hiyo akaufundisha wa kushoto. Mwaka wa 1973, na fimbo yake, akaingia ofisini Voi akaomba kiti chake. Bosi wake, Bwana Elijah, akamwambia akae, ajaribu. Akakaa. Alikaa kwa miaka.

Miaka miwili aliyopewa ikapita. Hakuna aliyepiga simu kuuliza.

Sasa sikilizeni vizuri. Mwaka ni 1979, mwezi wa Februari, asubuhi. Simu inaingia kutoka Nairobi, inataka hospitali ya milimani. Tryphena anaiunganisha. Laini ya mlimani siku hiyo ni mbovu, inakatika, kwa hiyo inabidi abaki akiisikiliza ili airudishe. Akasikia sauti inasema hivi:

"Hapa ni Daktari Musyimi. Natafuta habari za mgonjwa wangu wa zamani, Tryphena Mkawasi wa Werugha. Nataka kujua alifariki mwaka gani."

Karani wa hospitali akasema, "Ngoja, bwana daktari, niulizie."

Opereta haruhusiwi kuingia katika mazungumzo ya watu. Ni sheria ya kwanza ya kazi. Tryphena akaingia.

"Daktari, usingoje. Tryphena ndiye anayekuunganishia simu hii."

"Nani huyo?"

"Opereta wa Voi."

"Mama, tafadhali. Sina wakati wa mzaha."

"Wala mimi sina. Nina kovu shingoni, ulilishona wewe, na mwisho wake umepinda. Nilikuuliza kama ulikuwa na haraka ukacheka."

Daktari Musyimi leo ana mvi. Nilimwuliza alifanya nini aliposikia hayo. "Nilikaa chini," aliniambia. "Karibu yangu hapakuwa na kiti. Nilikaa sakafuni, na simu mkononi."

Akiwa pale sakafuni, daktari akauliza, "Kwa nini hukurudi?"

"Na wewe kwa nini hukuuliza? Nimekaa kwenye simu miaka yote hii. Kenya nzima hakuna mtu rahisi kupigiwa kuliko mimi!"

Hapo Musyimi akamweleza. Utafiti ulikuwa unafika mwisho. Wagonjwa wengi walipasuliwa, wakarudi kwao, wasionekane tena. Wakubwa wake walisema asiyerudi amekufa, na ahesabiwe hivyo. Mwezi wa Juni, mkutano wa madaktari ungepokea jawabu la utafiti: kwamba kumpasua mtu mzima mwenye uvimbe ndani ya uti wa mgongo hakuna faida, maana wanakufa wote. Wakija wengine, wapewe dawa ya maumivu warudishwe nyumbani. Musyimi hakuridhika. Ndiyo maana alikuwa anapiga simu mwenyewe, apate walau mwaka na mahali pa kila kifo.

"Kutoka pande zetu tuko wangapi?" Tryphena akauliza.

"Wanne, na wewe."

"Niambie hao watatu. Na usimzike mtu mpaka nikuambie."

Bwana Elijah alikuwa amesimama nyuma yake, amesikia kila neno. Akamwita ofisini. Mazungumzo yao Tryphena aliyasimulia mara nyingi, na Bwana Elijah mwenyewe amenithibitishia.

"Umeingilia simu ya mteja."

"Ndiyo."

"Adhabu yake unaijua?"

"Naijua. Wewe ungesikia mtu anauliza ulizikwa lini, ungenyamaza?"

Bwana Elijah akamsimamisha kazi mwezi mmoja. Tryphena akasema, "Asante. Nilikuwa nahitaji likizo." Akachukua fimbo yake.

Wa kwanza alikuwa Obadiah wa Ronge. Huyu alikuwa ametolewa uvimbe kichwani. Tryphena alimkuta shambani, anapanda maharagwe kwa kupapasa, maana macho yalikuwa yamebaki na mwanga kidogo tu. Alipoambiwa Nairobi wanasema amekufa, mzee huyo aliangua kicheko. "Mimi nilidhani wao ndio waliokufa," akasema. "Tangu nitoke huko, hakuna aliyekuja hata kubisha hodi."

Wa pili alikuwa Kalondu, mke wa Maundu, mfanyabiashara wa vikapu na kamba za mkonge pale Voi sokoni. Tryphena alimjua Maundu kwa sura. Hakujua kwamba mkewe alipasuliwa hospitali ile ile. Akamwuliza. Maundu akaweka chini kamba aliyokuwa anaisokota.

"Huyo sema amekufa," akajibu. "Ni kweli. Nilimzika mwenyewe."

"Pole, baba."

"Lakini usiishie hapo. Walisema hatafika Krismasi. Alifika Krismasi tatu. Mtoto wetu alikuwa mchanga, hajui kusimama. Kalondu alimwona anatembea, akamwona anakimbia, akamchapa kwa kuiba sukari. Mtoto anamkumbuka mama yake. Kama wanahesabu, wahesabu na hiyo."

Tryphena alimwambia Mable kwamba kutoka sokoni hadi nyumbani siku hiyo hakuweza kumsalimia mtu.

Wa tatu alikuwa Mbuvi. Alisemekana kuhamia Taveta, upande wa Mboghoni. Tryphena na Mable wakapanda treni ya Taveta, kisha wakafuata mifereji ya maji katikati ya migomba, Tryphena anaweka fimbo kwenye tope na kuing'oa, anaweka na kuing'oa. Wakamkuta Mbuvi, mwanamume wa miaka arobaini na kitu, ameshika jembe, anafungulia maji. Anatembea vizuri kuliko Tryphena. Mkewe, Katunge, akawatolea viti.

Tryphena akasema kilichomleta. Uso wa Mbuvi ukabadilika.

"Mmepotea, mama. Mimi sijawahi kupasuliwa. Kovu hili nilianguka kutoka kwenye lori la ndizi."

Tryphena akainuka. Akampa mgongo, akaishusha kola ya gauni lake. "Na mimi lori hilo hilo lilinipitia hapa?"

Katunge akacheka, akaziba mdomo. Mbuvi hakucheka. Akaongea kwa sauti ya chini sana. Alisema amekuja huku kuanza upya. Ana binti wa kuolewa. Watu wakijua alikuwa na uvimbe kwenye uti wa mgongo, watasema ni ugonjwa wa ukoo, na binti hataposwa. "Niache niwe mtu wa lori," akasema.

"Sikulazimishi," Tryphena akamwambia. "Binti yako ni wako. Lakini ujue Nairobi umeshazikwa. Na mwezi wa saba, mtu mwenye ugonjwa wako akienda pale, atarudishwa nyumbani akangoje kufa. Akiuliza kwa nini, ataambiwa kwa sababu Mbuvi alikufa. Mimi nimekuja kukuambia tu. Kwaheri."

Akaondoka. Mable alikasirika, akamwambia amemsema mtu wa watu vibaya. Wakalala Taveta kwa jamaa. Asubuhi, stesheni, Mbuvi alikuwa amesimama jukwaani amevaa koti, Katunge kando yake, na kando ya Katunge yule binti mwenyewe. Binti ndiye aliyemleta. Alikuwa amesikia yote kutoka jikoni, akamwambia baba yake kwamba mchumba wa kukimbia kovu na akimbie mapema.

Basi Juni ikafika. Mkutano Nairobi, madaktari wamejaa ukumbini. Daktari Musyimi akasimama mbele akasema, kabla ya kusoma jawabu, anao watu wa kuwaonyesha. Wakaingia watatu: Obadiah ameshika bega la Mbuvi, na Tryphena na fimbo yake.

Mkubwa mmoja akasema kwa upole, na ni lazima niseme alikuwa na hoja, kwamba wagonjwa watatu wanaotembea hawatoshi kuwa ushahidi wa utafiti.

Tryphena akaomba kusema. Musyimi anayakumbuka maneno yake hivi:

"Ni kweli, hatutoshi. Sisemi sisi ni jawabu. Nasema hamkututafuta. Kama hamjui, semeni hamjui. Msiseme tumekufa. Na mimi nilikosea kutorudi, hilo nalikiri. Lakini mtu harudi mahali anapozungumzwa kama hayupo. Mtafuteni kila mmoja. Waliokufa, wahesabuni wamekufa, lakini mhesabu na Krismasi walizozipata." Akawasimulia habari za Kalondu, na Maundu, na mtoto mwizi wa sukari.

Kisha wakabishana. Walibishana siku mbili. Mwisho jawabu halikusomwa. Ikaamuliwa watu watumwe kuwatafuta wagonjwa wote, mmoja mmoja, hadi vijijini.

Waliwatafuta zaidi ya mwaka. Sitawadanganya, wasikilizaji. Wengi walikuwa wamekufa kweli, na wengine walikuwa wamekufa katika taabu. Lakini waliokuwa hai walikuwa wengi kuliko alivyodhani mtu yeyote, hata Musyimi. Upasuaji haukufutwa. Na kwa sababu ilidhihirika kwamba wagonjwa wa mbali hawarudi Nairobi, Musyimi akaanza kushuka kwa treni mara mbili kwa mwaka, kuwatazama Voi. Tryphena aliwapokea. Sheria yake ilikuwa moja: daktari akisimama mbele ya mgonjwa, aseme na mgonjwa. Kijana mmoja wa udaktari alijisahau, akamgeukia mwenzake akaanza Kiingereza cha chini chini. Tryphena alimpiga fimbo ya mguu. Kidogo tu, anasema Musyimi. Si kidogo sana.

Mwaka wa 1985 uvimbe ulirudi. Miguu ikaanza tena kuwa mizito. Musyimi alimweleza yote, ana kwa ana, kwa Kiswahili: kupasua mara ya pili ni hatari, na kuacha ni hatari. Tryphena akauliza maswali asubuhi nzima, kisha akasema, "Pasua." Walipasua. Miguu haikuamka tena. Akarudi Voi kwenye kiti cha magurudumu, na kwa kuwa swichibodi haihitaji miguu, akafanya kazi mwaka mmoja zaidi.

Alipoona nguvu zinaisha, aliwaita ndugu zake Werugha akawaambia neno gumu. Akifa, Daktari Musyimi apewe ruhusa kuufungua uti wake wa mgongo, kutazama ndani, kabla hajazikwa. Wajue kwa nini uvimbe ulirudi. Musyimi hakuwa ameomba. Ni yeye aliyetaka.

Alifariki tarehe kumi na tisa Agosti, 1987.

Na Donald akakataa. Aliniambia mwenyewe, hakuficha. "Nilisema dada yangu hatachezewa. Amekatwa mara mbili akiwa hai, inatosha. Mimi ndiye mkubwa." Ukoo ukawa upande wake. Musyimi alikuwa amepanda mpaka Werugha, amekaa nje kwenye ukungu, anangoja.

Mable akasimama. Mable huyu mpole, fundi wa nguo, ambaye hakuwahi kumpinga kaka yake maishani.

"Kaka," akasema, "miaka yote hii watu walisema juu ya mwili wa Tryphena bila kumwuliza. Walisema amerogwa. Walisema anakunywa. Walisema atakufa kesho, wakasema ameshakufa. Safari hii amesema mwenyewe, kwa kinywa chake, na wewe ulikuwepo. Utamnyamazisha wewe? Hata yule daktari mkubwa alishindwa!"

Donald alitoka nje. Kisha akamwendea Musyimi akamwambia, "Fanya. Lakini utarudi hapa, utaniambia ulichokiona. Usiniachie mimi kukutafuta."

Musyimi alifanya. Na alirudi. Alikaa kwenye kile kiti cha jikoni nilichokalia mimi, akawaeleza. Mahali palipopasuliwa mara ya kwanza, na uvimbe ukatolewa wote, palikuwa pasafi kabisa baada ya miaka kumi na sita. Uvimbe ulirudi kutoka chini kidogo, mahali madaktari walipoogopa kugusa mwaka ule wa 1971 wakaacha kipande. "Woga wetu ndio uliorudi," Musyimi alimwambia Donald. Akaongeza kwamba huyo ni mtu mmoja, na mtu mmoja hatoshi kuwa sheria. Lakini sasa wanajua pa kutazama.

Wasikilizaji wapendwa, Jumamosi iliyopita ilikuwa ibada ya kumbukumbu, kanisani Werugha. Nilikuwepo. Mbuvi alikuja kutoka Mboghoni. Maundu alikuja na kijana wake, mrefu sasa kuliko babake. Ibada ilipokuwa inaisha, mwanamke mmoja akasimama nyuma, ambaye hakuna aliyemfahamu. Alisimama polepole, kwa kushika benchi, kisha akaliachia.

"Naitwa Nthambi," akasema. "Natoka kule chini, Voi. Nilikuwa na uvimbe ndani ya uti wa mgongo. Nilipasuliwa mwezi wa Machi, na Daktari Musyimi akaniambia safari hii hawataacha kipande. Akaniambia ni nani aliyewafundisha. Sikumjua marehemu. Nimekuja kwa miguu yangu kutoka barabarani hadi hapa, ili nyumba yake iione."

Donald alikuwa kiti cha mbele. Aligeuka akamtazama mwanamke yule kuanzia miguuni. Kisha mzee huyo akainuka, akampisha kiti chake. Nthambi akatikisa kichwa.

"Asante, baba," akasema. "Nitasimama."

Kwa Donald, kwa Mable, kwa ukoo wote wa Werugha, poleni. Poleni sana. Kwa Maundu na mwanawe pia, poleni, maana Kalondu hakupata kipindi chake redioni. Mungu awalaze Tryphena na Kalondu mahali pema.

Na wewe unayenisikiliza, uliyewahi kupasuliwa mahali ukarudi nyumbani kimya, kwa hasira, au kwa aibu, au kwa kuwa mtu alikusema vibaya kitandani: fikiri leo. Kuna mgonjwa ambaye hujamwona, ataletwa kesho na ugonjwa wako, na madaktari watakuwa wanaulizana kama inafaa kujaribu. Nenda ukaonekane. Ukiona wanamsema mtu mbele yake kana kwamba hayupo, sema yupo. Na wewe daktari unayenisikiliza baada ya zamu, yule uliyemhesabu mwaka ule, una hakika?

Mimi ni Silvanus Mwasaru. Kaeni salama.